Volti Kati ya Wapi na Wapi?

"Umeme upo fundi, ila hauna nguvu." Kauli hiyo utaisikia Ngamiani, hapa Tanga, kutwa: kwa mwenye friji, kwa mwenye bodaboda, kwa mvuvi aliyebeba betri begani kutoka mwalo wa Deep Sea. Mteja hana kosa, anasema alichokiona. Kosa huanza pale kijana wa ufundi anapoipokea kauli hiyo kama ilivyo na kuanza kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine. "Hauna nguvu" inaweza kuwa volti zimepungua, au mkondo umepungua, au volti ziko kamili pale ulipoweka mita lakini hazifiki kwenye taa. Hayo ni maradhi matatu, na kila moja lina dawa yake. Kijana huyo huyo sekondari alisomeshwa mambo haya kwa Kiingereza, kisha anafika karakana anakuta kila kitu kinaitwa "umeme mdogo". Ndiyo maana wapo wanaokokotoa vizuri daftarini na kukwama mbele ya betri, na wapo wenye mikono mizuri wanaokimbia wakiona kalamu.

Wote wawili huwa wameruka swali moja: volti kati ya wapi na wapi, na ampea zinapita wapi?

Ukimpigia mtu simu ukamwambia "hapa ni kilomita thelathini", atakuuliza kutoka wapi. Volti ni hivyo hivyo, haina maana mpaka utaje nukta mbili. "Hapa kuna volti 12" ni sentensi nusu. Mkondo, unaopimwa kwa ampea, ni kama kuhesabu magari: unasimama Pongwe, mahali pamoja, unahesabu yanayopita. Kama barabara haina njia ya kuchepukia, idadi utakayoipata Pongwe ndiyo utakayoikuta mbele. Penye njia panda, magari yanagawana, lakini hakuna linalopotea.

Georg Ohm alichapisha kanuni yake mwaka 1827: volti ni ampea mara omu (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani kitu kinavyozuia mkondo). Gustav Kirchhoff mwaka 1845 akaongeza mbili: mikondo inayoingia kwenye makutano ni sawa na inayotoka, na ukizunguka saketi mpaka ulipoanzia, volti zilizotolewa ni sawa na zilizotumika. Kwa kazi za kila siku hakuna kanuni ya nne. Kilichobaki ni kujua namba ipi ni ya wapi.

Chukua swali ambalo limeangusha vijana wengi. Betri ya volti 12. Mkondo unapita rezista (kifaa cha kukinza mkondo) ya omu 4, halafu njia inagawanyika: upande mmoja omu 6, upande wa pili omu 12, kisha zinakutana na kurudi betri. Tafuta mkondo na volti za kila rezista.

Kabla ya kugusa kikokotozi, chora. Kisha kwenye mchoro weka herufi kila mahali waya unapokutana na kitu: A kwenye chanya ya betri, B baada ya omu 4, C kwenye hasi. Sasa omu 4 iko kati ya A na B. Omu 6 na omu 12 zote ziko kati ya B na C, kwa hiyo volti zake ni lazima zifanane, na hapo hakuna hesabu iliyofanyika bado. Zilizo sambamba unaziunganisha kwanza: 1/6 jumlisha 1/12 ni 3/12, geuza, unapata omu 4. Ongeza omu 4 ya mwanzo, jumla omu 8. Volti 12 gawanya kwa omu 8 ni ampea 1.5. Hizo ampea 1.5 zinapita omu 4, kwa hiyo kati ya A na B kuna volti 6. Zimebaki 6 kati ya B na C. Volti 6 kwa omu 6 ni ampea 1, volti 6 kwa omu 12 ni ampea 0.5. Moja na nusu imegawanyika, haikupotea.

Makosa ni yale yale kila mwaka. La kwanza ni kusahau kugeuza: kijana anapata 0.25 na kuandika omu 0.25. Wameambiwa kwamba jumla ya sambamba huwa ndogo kuliko rezista ndogo kabisa, wanaangalia, 0.25 ni ndogo kuliko 6, wanaridhika. Kipimo hicho peke yake hakitoshi. Rezista mbili zilizo sambamba hazishuki chini ya nusu ya ile ndogo. Hapa jibu lazima liwe kati ya 3 na 6. Nne imo, robo haimo.

La pili ndilo baya zaidi: kuchukua volti 12 na kuzigawa kwa omu 6, kisha kwa shangwe kuandika ampea 2. Muulize: hizo 12 ni kati ya wapi na wapi? Ni kati ya A na C. Na omu 6 iko kati ya B na C. Basi amechanganya vipimo vya nyumba mbili. La tatu ni kugawa mkondo nusu kwa nusu kwa kuwa njia ni mbili. Njia yenye ukinzani mdogo hupitisha mwingi zaidi, kwa uwiano kamili: omu 6 ni nusu ya 12, kwa hiyo inapitisha mara mbili.

Ukimaliza, hakiki kwa wati, yaani volti mara ampea, kwa sababu huko hakuna pa kujificha. Omu 4 inakula 6 mara 1.5, wati 9. Omu 6 inakula wati 6, omu 12 wati 3. Jumla 18. Betri inatoa 12 mara 1.5, wati 18. Zikipishana, kuna mahali umeteleza, hata kama majibu yanapendeza.

Kwa kazi ndogo za elektroniki, acha kubeba masifuri. Volti ukizigawa kwa kiloomu unapata miliampea moja kwa moja. Volti 10 kwa kiloomu 1 ni miliampea 10. Nusu ya majibu ya ajabu ninayoonyeshwa, ampea 10,000 kwenye kijitaa, yanatoka hapo.

Na vijitaa hivyo vina somo lake. Mapambo ya LED kwenye bodaboda na bajaji huungua ndani ya wiki, lawama inakwenda kwa vijitaa "feki". Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi ni hesabu. Fundi amechukua LED tatu nyeupe, kila moja inahitaji kama volti 3.2, jumla 9.6. Betri ni ya volti 12, zimebaki 2.4 kwa ajili ya rezista. Anataka miliampea 20, anaweka omu 120 (kahawia, nyekundu, kahawia). Hesabu iko sawa kabisa, kama injini imezimwa. Injini ikiwaka na chaji ikipanda mpaka volti 14.4, LED bado zinabaki na 9.6 zake, karibu hazibadiliki. Ziada yote inaangukia rezista: volti 4.8 kwa omu 120, miliampea 40. Volti za betri zimepanda kwa asilimia 20, mkondo umekuwa mara mbili.

Weka LED mbili kwa kila mstari badala ya tatu. Zinakula 6.4. Rezista omu 330 (chungwa, chungwa, kahawia). Injini imezimwa: volti 5.6 kwa omu 330, miliampea 17. Injini imewaka: volti 8, miliampea 24. Umepoteza umeme kidogo zaidi kwenye rezista, lakini mkondo umetulia. Mteja atalalamika kwamba mistari imekuwa mingi. Mwache alalamike.

Kabla hatujatoka kwenye vitu vinavyobadilika, balbu ya uzi. Balbu ya wati 60 ya volti 230, kwa hesabu ina omu 882. Ipime kwa mita ikiwa baridi, utakuta kitu kama omu 60 au 70. Mita haijaharibika. Uzi wa balbu ukipata moto ukinzani wake hupanda zaidi ya mara kumi, na 882 ni ya balbu inayowaka. Ndiyo sababu balbu hupenda kukatika sekunde ile ya kuwashwa, na ndiyo sababu huwezi kupima kitu cha kupasha moto kikiwa baridi ukadhani umepata mkondo wake wa kazi. Pasi na hita hazina tabia hiyo kwa kiasi kikubwa, uzi wake ni wa aina nyingine. Hita ya wati 1,000 utakuta karibu na omu 53 baridi au moto.

Tabia hiyo ya balbu ndiyo inayotumika karakana kwenye taa ya siriz. Redio au chaja iliyotoka matengenezo haichomekwi moja kwa moja. Inapitishwa kwanza kwenye balbu ya uzi ya wati 100 iliyofungwa kwa mfululizo kwenye laivu, yaani mkondo upite balbu ndipo ufike kwenye kifaa. Kama ndani kuna shoti, balbu inawaka kikamilifu na mkondo haupiti ampea 0.43, fyuzi haijaungua na transista haijapasuka. Kama kifaa ni kizima, balbu inamulika kidogo kisha inafifia. LED haifai kwa kazi hii. Balbu za uzi zinazidi kuwa adimu madukani, ukiipata itunze.

Sasa twende baharini, kwa sababu Tanga hesabu ya volti inaliwa na chumvi kuliko kitu kingine chochote.

Ngwanda ya dagaa, chombo cha mbao, inavua kwa taa. Zamani karabai, siku hizi betri. Tuseme taa ni ya kichwa cha gari, ya uzi, wati 60 kwa volti 12, maana yake inahitaji ampea 5 na ukinzani wake ikiwaka ni omu 2.4. Betri iko nyuma, taa iko mbele, mita 10. Wameunga waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule wa kawaida wa taa za nyumbani. Kila mita ya waya huo ina kama omu 0.0121. Hapa ndipo kijana anaandika mita 10. Mkondo unakwenda na kurudi: ni mita 20. Omu 0.242.

Jumla ya saketi: 2.4 na 0.242, yaani omu 2.642. Mkondo ni ampea 4.54. Taa inapata volti 10.9, na wati zake zimeshuka kutoka 60 hadi 49 na kidogo. Volti 1.1 imebaki kwenye waya, inapasha shaba moto bure. Ukitumia waya wa milimita 4, ambao una omu 0.0046 kwa mita, taa inapata volti 11.56 na karibu wati 56. Kwa kuwa mwanga wa balbu ya uzi hushuka haraka kuliko wati, tofauti hiyo mvuvi anaiona kwa macho kabla fundi hajaiona kwenye mita.

Hapo waya ni mpya. Baada ya miezi michache ya maji ya chumvi, penye kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu nyeusi, fungua uone. Shaba imegeuka kijani, ukiikunja inakatika kama kijiti kikavu. Tuseme kiungo hicho kimoja kimefikia nusu omu. Jumla sasa ni omu 3.142, mkondo ampea 3.8, taa inapata volti 9.2 na wati 35. Na kiungo chenyewe? Kinashika volti 1.9 na kuchemka kwa wati 7, kwenye kitu kikubwa kama ncha ya kidole. Tepu inalainika, gundi inatiririka, maji yanapata mlango mwingine. Ugonjwa unajilisha wenyewe.

Mvuvi anakuja: "Fundi, nimenunua betri mpya na taa bado hafifu." Fundi anachomoa waya kwenye taa, anaweka mita kwenye ncha zake, anasoma volti 12.0. Anasema umeme unafika, balbu ndiyo mbovu. Wanabadilisha balbu. Bado hafifu.

Amepima kweli, ila amepima saketi isiyo na mkondo. Mita ya njano ya bei nafuu ina ukinzani wa ndani wa megaomu 1 kwenye volti za betri. Mkondo unaopita ni sehemu 12 za milioni ya ampea, na mkondo huo ukipita kwenye nusu omu unapunguza volti kwa kiasi ambacho mita haiwezi kukiona. Hata kiungo kikiwa kimeoza mpaka kiloomu 10, ambacho hakiwezi kuwasha hata taa ya indiketa, mita itasoma 11.88 na fundi atatikisa kichwa kwa kuridhika. Volti bila mzigo hazisemi lolote kuhusu waya.

Kipimo sahihi ni kufuatilia volti zinazopotea huku taa imewashwa. Zungusha mita kwenye volti za betri, alama ya 20. Ncha nyekundu iguse risasi ya kichwa cha betri, kile kinundu chenyewe. Ncha nyeusi iguse klempu iliyokishika. Siyo bolti, siyo waya: mwili wa klempu. Macho yanaona chuma kimoja kimebana kingine, mita inaweza kuona volti nzima kati yao. Pakiwa safi utasoma 0.01 au 0.02. Ukisoma 0.5 au 1, umeshapata mwizi, na bado hujaondoka kwenye betri. Kama pako sawa, acha nyekundu pale pale na sogeza nyeusi: baada ya fyuzi, baada ya swichi, kabla ya kiungo, baada ya kiungo, mpaka kwenye mguu wa taa. Namba itapanda taratibu kwenye waya na kuruka ghafla penye ubovu. Kisha rudia upande wa hasi, kwa sababu nusu ya viungo vibovu viko upande ambao hakuna anayeuangalia. Ukijumlisha zote, zilizopotea kwenda, za taa, na zilizopotea kurudi, unapata volti za betri pale pale. Hiyo ni kanuni ya Kirchhoff iliyolala sakafuni mwa ngwanda.

Ungaunga mweupe kwenye vichwa vya betri huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa ili magadi yasiingie ndani. Shaba iliyooza haioshwi. Kata nyuma mpaka uone wekundu, piga msasa, tia lehemu, vika mpira wa kusinyaa, paka grisi klempu baada ya kukaza na siyo kabla.

Taa za LED za volti 12 zenye saketi ndani zina ujanja wa kinyume. Nyingi hushikilia wati zake: volti zikishuka, zinavuta ampea zaidi. Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5, kwa volti 10 ni ampea 6. Mwanga unaonekana uko sawa, waya unazidi kupata moto, halafu ghafla taa inazima. Kwa hiyo usitumie omu 2.4 za balbu ya uzi kwa taa hizo, hesabu itakudanganya.

Hesabu hii ya waya ndiyo inayofanya umeme wa Mto Pangani usafirishwe kwa volti kubwa. Kituo cha New Pangani Falls kina uwezo wa megawati 68. Kwenye laini ya kilovolti 132 hizo ni kama ampea 300 kwa kila waya kati ya nyaya zake tatu. Kwa volti 400 zingekuwa ampea zaidi ya 98,000, na hakuna nguzo ya kubeba shaba hiyo.

Turudi kwenye mita, maana nayo ni rezista na wengi husahau. Chukua rezista mbili za megaomu 1 kila moja, zipange mfululizo kwenye volti 12. Kila moja inapaswa kuwa na volti 6. Pima moja kwa ile mita ya njano: unasoma 4. Pima kwa mita nzuri ya megaomu 10: unasoma 5.7. Mita ya njano imejiweka sambamba na rezista yako, megaomu 1 kwa megaomu 1 zimekuwa nusu, na nusu kwenye moja na nusu ni theluthi ya 12. Hesabu yako ya daftarini ilikuwa sahihi, na mita nayo ni sahihi, kwa saketi ambayo yenyewe imo ndani. Kwenye omu 100 au kiloomu 1 jambo hili halionekani. Kwenye megaomu linaweza kukufanya ubadilishe kifaa kizima.

Mbili nyingine za mita. Betri yake ya volti 9 ikichoka, haisomi chini, inasoma juu. Ukikuta betri ya bodaboda ina volti 15 na injini imezimwa, tilia shaka mita kwanza. Na tundu la ampea 10 kwenye mita nyingi za bei nafuu halina fyuzi, limeandikwa hivyo hivyo pembeni yake. Ukishapima mkondo, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla hujaweka mita mezani. Mita iliyo kwenye ampea ni kipande cha waya. Ukiipeleka kwenye soketi ya ukutani kwa mazoea, umeunga laivu na nyutro kwa mkono wako.

Nyutro yenyewe inastahili ukurasa wake. Kuna siku mtaa mzima unapiga kelele: nyumba moja taa zinafifia kama mshumaa, nyumba ya pili taa zinang'aa kama jua na runinga inatoa moshi. Watu husema "umeme umekuja mwingi". Haujaja mwingi. Ni nyutro imekatika au imelegea kabla ya nyumba hizo, na bila nyutro nyumba mbili zilizo kwenye fezi tofauti (nyaya tofauti za laivu) zimejikuta ziko mfululizo.

Kati ya laivu na nyutro kuna volti 230. Kati ya fezi na fezi kuna 400, siyo 460, kwa sababu fezi hazifiki kileleni kwa wakati mmoja. 230 unazidisha kwa 1.73. Nyumba ya kwanza imewasha pasi na hita, wati 2,000: ukinzani wake ni 230 mara 230 gawanya kwa 2,000, omu 26.45. Nyumba ya pili ina runinga na feni na taa mbili, wati 200: omu 264.5. Nyutro ikiwa nzima kila mmoja yuko na 230 zake na hakuna anayemjua mwenzake. Nyutro ikikatika, volti 400 ziko juu ya omu 291 zilizopangana. Mkondo ampea 1.37. Mwenye pasi anapata volti 36. Mwenye runinga anapata 364.

Angalia aliyeumia. Siyo aliyetumia umeme mwingi, ni aliyetumia kidogo, kwa kuwa kwenye mfululizo volti hufuata omu kubwa. Vijana wengi wakiulizwa balbu ya wati 100 na ya wati 25 zikifungwa mfululizo ipi itang'aa zaidi, wanasema ya 100. Ni ya 25, kwa sababu hiyo hiyo.

Ukiona dalili hizo, zima swichi kuu mara moja, kila nyumba, kisha mpigie simu TANESCO. Usipande nguzo, usifungue mita ya LUKU. Sakiti breka haitakuokoa hapo, maana mkondo haujazidi, zilizozidi ni volti.

La mwisho ni swali la betri mbili, ambalo vitabuni linaonekana la kubuni na ufukweni Sahare ni la kila wiki. Mvuvi ana betri mpya na ya zamani, anaziunga chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, "zisaidiane". Mpya ina volti 12.6 na ukinzani wa ndani omu 0.05. Ya zamani volti 12.0 na omu 0.1. Taa zina jumla ya omu 1.2. Nani anatoa kiasi gani?

Usijaribu kukisia mikondo inakwenda upande gani. Iite volti ya pale zinapokutana, ikipimwa kutoka hasi, V. Andika kwamba inayotoka mpya na inayotoka ya zamani, zikijumlishwa, ni sawa na inayokwenda kwenye taa: (12.6 − V) gawanya kwa 0.05, jumlisha (12.0 − V) gawanya kwa 0.1, ni sawa na V gawanya kwa 1.2. Upande wa kushoto unakuwa 372 toa 30V, upande wa kulia 0.833V. V ni 12.065.

Betri mpya inatoa 0.535 gawanya kwa 0.05, ampea 10.70. Ya zamani inatoa 12.0 toa 12.065, gawanya kwa 0.1: hasi 0.65. Taa zinapata 10.05.

Kijana akiona hasi anafuta, anadhani amekosea. Asifute. Hasi inasema mkondo unaelekea kinyume na ulivyodhani: betri ya zamani haitoi, inapokea. Mpya inabeba taa zote na kumlisha mzee juu yake. Alfajiri taa zikizimwa na nyaya zikiachwa zimeshikana, hali inazidi kuwa mbaya: volti 0.6 kwa omu 0.15 za ndani ni ampea 4, zinazoanza kutiririka kutoka mpya kwenda ya zamani na kupungua kadiri zinavyolingana, wakati dagaa wanaanikwa na mwenye chombo amelala. Jioni anabeba betri mpya begani kuileta mjini, na anachosema unakijua.